GPA ya semista ya kwanza siyo matokeo ya kidato cha sita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na unisamehe mapema kama barua itakuwa ndefu, naiandika usiku baada ya kusahihisha madaftari ya kidato cha tatu na kichwa kimechoka, ila jambo lenyewe limenikaa rohoni wiki nzima.

Wiki iliyopita saa tano usiku simu ikaita. Ni binti niliyemfundisha hesabu hapa kwetu toka kidato cha kwanza mpaka cha nne, sasa yuko chuo mwaka wa kwanza anasoma biashara. "Shikamoo madam." Marahaba. Kimya. Alafu kilio, kile cha kwikwi mtu hata hawezi kuongea. Mimi nikajua msiba, nikamuuliza nani kafariki. Akasema hakuna aliyekufa madam, matokeo ya semista yametoka.

Kozi sita. B+ moja, B mbili, C moja, D moja na E moja. GPA (wastani wa alama za chuo) 2.1, sapu (mitihani ya marudio) mbili. Huyu ndiye mtoto ambaye kidato cha sita alipata Division One, mama yake akachinja mbuzi na mchungaji akamtaja kanisani. Anasema ameshazima data, hataki kumuona mtu, wenzake chumbani wanafurahia yeye kajifunika shuka anajifanya amelala, na anawaza kuacha chuo arudi nyumbani kabla hawajamdisko, yaani kumfukuza kwa kufeli. Nikamwambia subiri, chukua karatasi na kalamu. Akasema madam siyo wakati wa hesabu. Nikamwambia ndio wakati wenyewe.

Maana hapo ndipo wengi wanapokosea Mhariri, wanaisoma GPA kama wanavyosoma division. Division ya kidato cha sita ikishatoka imetoka, umepata pointi zako basi, kitabu kimefungwa. GPA inaendelea kujengwa mpaka siku ya mwisho. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. Kwa huyu binti, tukichukulia kozi zina uzito sawa, ni 4 na 3 na 3 na 2 na 1 na 0, jumla 13, gawa kwa 6 unapata 2.1 na ushee. Sasa akitoa, yaani akifaulu, zile sapu mbili na kila moja ikawekwa C (sapu hata upate 90 vyuo vingi wanakuandikia C), 13 inakuwa 16, gawa kwa 6 ni 2.6. Zimebaki semista tano. Kila moja akipata 3.7, yaani B+ nyingi na B moja moja, mara tano ni 18.5, ongeza ile 2.6 ni 21.1, gawa kwa semista 6 inakuja 3.5. Na 3.5 ndio mlango wa upper second, daraja la pili la juu la shahada. Simu ilikuwa kimya, nasikia tu kalamu inakwaruza karatasi, alafu akauliza, "madam, yaani bado?" Bado.

Sikuyatoa kwenye kitabu haya. Mimi mwenyewe yalinikuta na yangu yalikuwa mabaya zaidi.

Nimetokea Iramba, Singida, baba yangu analima alizeti. Kidato cha sita PCM (fizikia, kemia na hesabu) nilipata Division One ya pointi 7, kijijini nikawa kama mheshimiwa, mpaka watoto wa darasa la tano wanaletwa wanishike mkono. Nikaenda chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, sitakitaja, kusomea ualimu wa hesabu na fizikia. Chumba cha watu wanne tulikuwa sita maana wawili walikuwa wamebebwa, na mmoja wa waliobebwa ni mimi, nalala miguuni kwa dada wa watu mwaka wa pili. Bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, likachelewa. Lilipoingia, laki tano na elfu kumi ya siku sitini (enzi hizo 8,500 kwa siku, baadaye ikapandishwa kuwa 10,000), nikatuma laki na nusu nyumbani, nikanunua simu, na zilizobaki zikaisha sijui zilivyoisha. Wiki za mwisho kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, nilikuwa nakula mlo mmoja, chai nakunywa kwa watu. Nasema haya kwa sababu watu wakisikia mtu kafeli semista ya kwanza wanadhani alikuwa anaruka disko za mjini. Wengine wapo kweli. Wengine wana njaa tu.

Darasani ndio kulikuwa kigeni kabisa. Sekondari tulikuwa 40 na mwalimu anakujua mpaka kaka yako, huku ukumbi una watu zaidi ya 300, lekcha yuko mbali kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, projekta inapita slaidi, Kiingereza mwanzo mwisho. Mtasema sekondari si mlisoma kwa Kiingereza? Tulisoma kwa Kiingereza cha ubaoni. Mwalimu anaandika kwa Kiingereza anaelezea kwa Kiswahili, wote tunajua, na mimi nikiwa mwalimu leo nafanya hivyohivyo. Chuo hakuna wa kukuelezea. Nilikuwa natoka kwenye kipindi nimenakili kila neno na sijaelewa hata sentensi moja, na kuuliza naogopa, maana nilishajitambulisha kwa watu kwamba mimi ni pointi 7. Baadaye ndio nikagundua ukumbi mzima ni watu wa Division One. Vipanga wote wa nchi wamekusanywa chumba kimoja, sasa lazima kuna mtu atakuwa wa mwisho, ila hakuna anayekuambia hilo siku ya kuripoti.

Kusoma nilisoma, Mungu ni shahidi. Kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, mpaka saa nane usiku, miguu kwenye beseni la maji ya baridi nisisinzie, nasoma madesa (notsi za kozi) mara ya kwanza, mara ya tatu, mara ya tano, napaka rangi ya njano mpaka ukurasa wote ukawa njano. Na kila nikirudia naona naelewa. Kumbe nilikuwa nazoea tu sura ya ukurasa. Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba semista ileile nilikuwa nasoma kozi ya saikolojia ya elimu, na humo tulifundishwa habari za Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyekaa anakariri silabi zisizo na maana yoyote na kujipima mwenyewe baada ya dakika, masaa, siku, na mwaka 1885 akatoa matokeo kwamba sehemu kubwa ya unachokariri inapotea mapema, mingi ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudia kidogokidogo siku tofauti kunashika kuliko kushindilia siku moja. Mimi nikayakariri hayo ya Ebbinghaus usiku mmoja kabla ya mtihani. Nikapata C.

Sasa niseme la UE ya kalkulasi. Usiku ule sikulala kabisa. Asubuhi ukumbini, mikono imelowa jasho, tumbo linakata, nafungua karatasi naona swali la kwanza silijui, basi kichwa kikawa kitupu, hata jina la kozi ningeulizwa nisingelijua. Moyo unapiga nausikia masikioni. Nikaanza kukimbilia kila swali naandika vipandevipande. Maelekezo juu yalisema jibu maswali manne tu. Mimi nilijibu yote sita, nusunusu. Nilikuja kuyasoma yale maelekezo tukiwa nje, mwenzangu kashika karatasi ananionyesha, nikakaa chini pale kwenye ngazi.

Kalkulasi nilipata E. Fizikia D. GPA ilikuwa 1.8.

Na hapo ndio nikafanya kosa lililoniumiza kuliko hizo alama, nikaanza kudanganya. Baba alikuwa anapiga kila Jumapili na swali lake ni moja, umekuwa wa ngapi? Nikamwambia huku hawapangi nafasi baba, ila naendelea vizuri. Toka mwezi wa tatu mpaka wa nane nadanganya, na ukidanganya huwezi kuomba msaada, huwezi kuomba hela ya pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita), huwezi hata kulia vizuri. Nikiona jina la baba kwenye simu tumbo linauma lilelile la mtihani. Nilikuja kusema ukweli kwa sababu ya nauli, sapu zinafanyika mwezi wa tisa na mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani likizo. Nikamwambia jioni tukiwa tunapeta alizeti. Akanyamaza muda, mimi najiandaa kwa maneno, akauliza, "nauli shilingi ngapi?" Basi. Hakuna kingine alichosema, na hajawahi kulirudia mpaka leo. Miezi sita nilikuwa naogopa swali la nauli.

Kilichonitoa sasa. Kuna kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mkimya, alikuwa anauza vocha hosteli, aliniona kimbwetani na madesa yangu ya njano akaniuliza nasoma nini, nikamwambia mada fulani ya kalkulasi. Akaifunga ile karatasi, akanipa kalamu, akasema niandikie hapa unachojua. Sikuandika mistari mitatu. Akasema sasa hii ndio hali yako halisi, ukifungua tena soma kile tu ulichoshindwa kuandika, alafu funga tena. Kesho ufanye tena bila kuangalia. Ni kitu kidogo mpaka mtu anaona aibu kukiita mbinu, lakini kinauma, maana kila ukifunga daftari unajiona mjinga, ndio maana watu wanapenda kurudia kusoma tu, ukisoma unajiona unajua.

Alafu pasti pepa. Nilikuwa naziangalia wiki ya mwisho kuona kama swali litajirudia. Yeye alikuwa anazifanya toka wiki ya pili ya semista, kwa saa ya ukutani, masaa matatu kama mtihani wenyewe, mpaka mwili unazoea. Mtu aliyeshakaa masaa matatu mara nane kimbwetani, siku ya UE inakuwa ya tisa. Mimi UE yangu ya kwanza ndio ilikuwa mara yangu ya kwanza, unategemea nini.

Na diskasheni tukaigeuza, badala ya mmoja kusoma kwa sauti wengine tunaitikia kama kwaya, kila mtu anapewa kipande anakuja kukifundisha kwa Kiswahili, ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili hujakielewa hata kama unakijua kwa Kiingereza. Tukishaelewana ndio tunaandika jibu kwa Kiingereza. Najua wapo wasomi watakaonuna kwa hili, wanune.

Kuhusu ile hofu ya ukumbini sitadanganya kwamba iliisha. Haikuisha. Mpaka mwaka wa tatu tumbo lilikuwa linakata. Ila nilijifunza kuingia nimelala, hata masaa matano (kukesha usiku wa mwisho nilikuacha moja kwa moja, nilikuwa napoteza zaidi ya ninachoongeza), kula kitu hata kama ni maandazi mawili, na kutosimama na lile kundi la mlangoni linaloulizana "umesoma mada ile? ile lazima itoke". Lile kundi ni sumu. Nikipewa karatasi naweka kalamu chini, nasoma maelekezo mara mbili, nasoma maswali yote, napumua taratibu mpaka moyo ushuke, alafu naanza na swali ninalolijua hata kama ni la mwisho. Mwili ukishaona mkono unaandika unatulia wenyewe. Nilikuwa napoteza dakika kumi hapo na sijawahi kuzijutia.

Sasa Mhariri nina ya kuwaambia watu watatu.

Walimu wetu wa vyuo, shikamooni. Vyuo vingi testi na kazi za darasani zina maksi 40, UE 60. Ile testi ya kwanza ndio kengele ya mwanafunzi, ndio inamwambia njia yako siyo. Sasa kwetu ilikuwa unafanya testi ya kwanza, unafanya ya pili, hujaona ya kwanza, alafu maksi zinabandikwa ukutani siku tatu kabla ya UE, namba ya usajili na maksi 14 kati ya 40, karatasi yenyewe hupewi. Hujui ulikosea nini, unajua tu umekosea, unaingia UE na hofu. Binti wangu wa wiki iliyopita anasema kwao ni vilevile. Najua ni watu 300 na msahihishaji ni mmoja, mimi pia nasahihisha, nina madaftari 180 mezani hapa. Lakini bora testi moja fupi, maswali mawili tu, irudi na alama nyekundu wiki ya sita, kuliko testi mbili ndefu zisizorudi. Na yale mafunzo ya wiki ya kwanza ya kuwakaribisha wanafunzi, ambayo tulikaa juani tunasomewa sheria za hosteli na umuhimu wa kitambulisho, toeni saa moja muwafundishe GPA inavyopigwa. Wengi wanaijua siku inapowadondokea.

Wazazi, msiulize umekuwa wa ngapi. Chuo hakuna wa ngapi. Ulizeni kozi ipi inakusumbua, hata kama jina la kozi hamlielewi, mtoto atajieleza na akijieleza atajua mwenyewe pa kuanzia. Na msimpigie mkiwa kundi zima, shangazi anadaka simu, mjomba anadaka simu, kila mtu na nasaha zake.

Na nyinyi mnaokaa chumba kimoja na aliyeanguka. Mkimuona kajifunika shuka siku ya pili, hali, haogi, anagawa vitu vyake au anasema maneno ya kwamba bora nisingekuwepo, msimuache peke yake na msimtanie. Kaeni naye, mwende pamoja kwa mshauri wa wanafunzi, vyuo vingi wapo, ofisi ziko wazi na mara nyingi hakuna foleni kwa sababu watu wanaona aibu kuonekana wanaingia. Mimi niliingia mara mbili. Mama wa watu alinisikiliza saa nzima na karanga akanipa.

Mtaniuliza mimi niliishia wapi. Sapu zote mbili nilitoa, C na C. Mwaka wa pili nikaanza kupata B+, mwaka wa tatu nikapata A mbili za kwanza kabisa, moja ikiwa ya hesabu. Nikamaliza na 3.4. Ndiyo, nilikosa upper second kwa 0.1, na bado inaniuma, sitajifanya haiumi, kuna kazi moja waliniambia wanataka kuanzia 3.5 nikarudi nyumbani nimenuna wiki nzima. Hiyo 0.1 ilikaa kwenye ngazi za ule ukumbi na maswali sita niliyojibu nusunusu. Lakini nafundisha hesabu, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne nikiwapa jaribio nawalazimisha wakae dakika tano bila kushika kalamu, wanasoma maelekezo tu, wananiona kichaa.

Binti aliniandikia meseji juzi. Ameshamwambia mama yake, mama kalia kidogo alafu kamtumia elfu thelathini. Testi ya kwanza ya semista ya pili ni Jumamosi hii, kaniomba nisimpigie mpaka atoke yeye mwenyewe atanipigia. Nimemkubalia, ingawa najijua, Jumamosi nitakuwa naangalia simu toka asubuhi.

Wako,
Mwalimu wa hesabu,
Kondoa, Dodoma.